Monsinyori Moses Coady: Padre Aliyewafundisha Wavuvi Kuyachunguza Mambo Yao

Majira ya uchaguzi yanapokaribia, mapadre wetu huulizwa na waamini mlangoni mwa kanisa wampe nani kura. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kumkumbuka padre mmoja wa Kanada aliyeishika njia nyingine: badala ya kuwachagulia watu kiongozi, aliwaketisha mezani wakayachunguza wenyewe mambo yaliyoyagusa maisha yao.

Moses Michael Coady alizaliwa tarehe 3 Januari 1882 katika bonde la Margaree, kisiwani Cape Breton, mkoa wa Nova Scotia. Wazazi wake walikuwa wakulima wa asili ya Ireland. Alisoma Roma, akapewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1910, kisha akarudi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mjini Antigonish. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alisaidia kuwaunganisha walimu wa mkoa katika chama chao. Pengine angezeeka darasani, mwalimu mwema kama wengine, lau si binamu yake aliyemtangulia katika upadre, Padre Jimmy Tompkins.

Huyu Tompkins hakuwa mtu wa kutulia. Mwaka 1921 alifungua chuoni hapo Shule ya Watu, ambamo wanaume zaidi ya 50, wengi wao wakulima, waliingia pasipo kudaiwa cheti chochote. Mwaka uliofuata alitofautiana na askofu wake juu ya mpango wa kuviunganisha vyuo vikuu vya eneo hilo, akahamishiwa Canso, kijiji cha wavuvi mwishoni kabisa mwa nchi kavu. Wengi waliuhesabu uhamisho huo kuwa adhabu, na sisi hatuoni namna nyingine ya kuueleza. Lakini huko ndiko alikoikuta hali ambayo baadaye ilimtoa Coady darasani.

Mvuvi wa pwani ile alikopeshwa nyavu, chumvi na unga na mfanyabiashara yule yule aliyenunua samaki wake, naye mfanyabiashara ndiye aliyepanga bei zote mbili. Deni halikuisha. Katika siasa, Waliberali na Wahafidhina walipokezana madaraka, na kazi za barabara zikawaendea wafuasi wa chama kilichoshinda. Mtu alirithi chama cha baba yake kama alivyorithi mashua. Alipiga kura kwa uaminifu mkubwa, na bei ya samaki ikabaki pale pale.

Tarehe 1 Julai 1927, Kanada iliposherehekea miaka 60 ya shirikisho lake, wavuvi wa Canso walikutana kusema kwamba wao hawakuwa na cha kusherehekea. Mapadre wa jimbo waliwaunga mkono, na serikali ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Maclean. Coady alifika mbele ya tume hiyo akatoa hoja kwamba dawa ya umaskini wa wavuvi ni kujipanga wao wenyewe. Serikali ikamtuma afanye alichokisema. Alizunguka vijiji vya pwani ya mashariki katika majira makali ya baridi, na mwaka 1930 ukazaliwa umoja wa wavuvi wa mikoa hiyo. Wakati huo huo alikuwa amekabidhiwa idara mpya ya elimu kwa umma, ambayo chuo kikuu kiliamua kuianzisha mwaka 1928.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Kwanza uliitishwa mkutano mkubwa wa kijiji, na Coady, mtu wa umbo kubwa na sauti ya kutikisa ukumbi, aliwaeleza watu kwamba unyonge wao haukuwa amri ya Mungu. Kisha aliondoka. Waliobaki waligawanyika katika vikundi vya watu wachache, wakakutana kila juma jikoni kwa mmoja wao, wakiongozwa na mwenzao waliyemchagua. Chuo kilituma vijitabu na maswali, mhadhiri hakutumwa. Mwenye kusoma aliwasomea wasiojua. Walihoji kwa nini bei ya kambakoche kijijini ni ndogo kuliko ya sokoni Boston, sheria inasemaje juu ya meli kubwa za kukokota nyavu, riba inahesabiwaje. Wanawake nao walikuwa na vikundi vyao, wakisaidiwa na Masista wa Mtakatifu Martha. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 vikundi vilikuwa vimepita elfu moja. Humo ndimo vilimochipuka vyama vya akiba na mikopo, maduka ya ushirika na viwanda vidogo vya kusindika kambakoche.

Jambo moja hasa tunataka lisipite bila kutazamwa. Vikundi hivi vilijadili mambo ya serikali waziwazi, lakini havikufungamana na chama wala na dhehebu. Waprotestanti walikaa meza moja na Wakatoliki. Msimamo huo ulikuwa na gharama. Wako wafanyabiashara waliomwita Coady Mkomunisti, hali Wakomunisti wa migodi ya makaa ya mawe walimwona kuwa mtu wa kupoza hasira za wafanyakazi. Mwaka 1938 chama cha wachimbaji wa Cape Breton kilijiunga na CCF, chama kipya cha mrengo wa kushoto. Kuwafuata kungeonekana ushujaa. Kuwalaani kungewafurahisha wakubwa. Vuguvugu la Antigonish halikufanya lolote kati ya hayo. Mwanachama alikuwa huru kujiunga na chama akitakacho, ila kikundi kilibaki mahali ambapo Mliberali na Mhafidhina waliweza kuisoma hesabu ile ile. Wapo wanaosema huo ulikuwa woga. Sisi tunadhani kikundi kimoja tu kikishakuwa cha chama, jirani wa chama kingine asingerudi tena jikoni pale.

Mwaka 1939 Coady aliyaandika mawazo yake katika kitabu ambacho jina lake linawataja watu kuwa mabwana wa hatima yao wenyewe. Kasi ya miaka ile haikudumu. Baada ya Vita Kuu ya Pili maduka na benki za ushirika ziliendelea, lakini vikundi vya kujisomea vilipungua, na vyama vingine vikawa biashara kama biashara nyingine. Coady mwenyewe aliacha uongozi wa idara mwaka 1952, afya ikiwa imedhoofika, akafariki dunia huko Antigonish tarehe 28 Julai 1959.

Mwaka huo huo chuo kikuu kilianzisha taasisi yenye jina lake kwa ajili ya wanafunzi kutoka nchi nyingine. Miongoni mwa waliosoma huko tangu wakati huo wamo mapadre, masista na walei wa Afrika Mashariki, waliorudi nyumbani kufanya kazi katika vyama vya ushirika na vya akiba na mikopo.