Siti binti Saad, Mwimbaji wa Unguja

Mtu akifuata njia ya reli kutoka Manyoni hata Dar es Salaam, kisha akavuka bahari, hufika Unguja. Katika kisiwa hicho kiko kijiji kiitwacho Fumba. Hapo, yapata mwaka 1880, alizaliwa mtoto wa kike. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi, na mama yake Mzigua. Siku zile utumwa ulikuwa haujakomeshwa Unguja, na mtoto yule akaitwa Mtumwa.

Wazazi wake walikuwa maskini, wala yeye hakupelekwa shuleni. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye binti akajifunza kazi hiyo. Alivichukua vyungu kichwani, akavitembeza akiviuza, huku akiimba ili watu watoke kununua. Wengi waliisikia sauti yake kabla ya kumwona mwenyewe.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alifundishwa muziki, akapewa jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Basi aliyezaliwa akiitwa Mtumwa akawa Siti. Lakini wako waliomcheka kwa sura yake na kwa unyonge wa ukoo wake. Siti hakugombana nao. Aliwajibu kwa wimbo, akawaonya kwamba akili ndiyo impayo mtu heshima.

Zamani hizo taarabu ya jumbani kwa Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake, akina Subeti, Buda, Mwalimu Shaaban na Mbaruku, waliimba kwa Kiswahili pia. Hivyo tajiri alisikia na kuelewa, na mchukuzi wa mizigo vilevile. Tena nyimbo zao hazikuwa za mapenzi tu, bali zilisimulia mambo yaliyotokea mjini.

Wimbo mmoja huitwa Kijiti. Ndani yake mna habari ya mwanamke mja mzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyechukuliwa matembezini na mtu aitwaye Kijiti, naye akamwua. Mwuaji akatoroka, akavukia bara. Lakini wanawake wawili waliofuatana na marehemu, waliokwenda barazani kutoa ushahidi, ndio walioadhibiwa. Waliousikia wimbo huo waliingiwa na huzuni, tena wakaona uchungu kwa hukumu ile. Mwanamke yule hakupata haki yake barazani. Alipata watu wa kumlilia, maana Siti hakukubali kifo chake kisahauliwe.

Mwaka 1928 Siti alivuka bahari hata Bombay, Bara Hindi, na nyimbo zake zikatiwa katika sahani za santuri. Akawa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki ambao sauti zao zilihifadhiwa hivyo. Sahani hizo zikauzwa visiwani na bara, na watu wasiowahi kumwona wakalijua jina lake.

Siti alifariki mwaka 1950. Baadaye Shaaban Robert, mshairi mashuhuri, aliandika kitabu cha maisha yake. Hakuacha mashamba makubwa wala majumba ya fahari. Aliacha nyimbo, na ndani ya nyimbo hizo aliacha habari za wanyonge ambao hapana mwingine aliyewasemea. Muuza vyungu wa Fumba amekwisha kufa, lakini masikitiko ya mgeni yule yangali yakisikiwa.