Maisha ya Daktari Rudolf Virchow

Sisi wa Murangi tunaokaa kando ya ziwa twajua jinsi fungu la mafunjo linavyokatika ufukoni, likaelea mbali, likaziba njia ya mitumbwi. Nataka kuwaeleza habari za daktari aliyeonyesha kwamba damu nayo hufanya hivyo mwilini.

Rudolf Virchow alizaliwa tarehe 13 Oktoba, 1821, katika mji mdogo wa Schivelbein, ambao siku zile ulikuwa wa Prussia na leo umo Poland. Alisomea udaktari Berlin, akahitimu mwaka 1843, kisha akafanya kazi ya kupasua maiti katika hospitali ya Charité.

Wakati ule mabingwa walifundisha kwamba damu iliyokutwa imeganda mapafuni iligandia pale pale. Virchow hakuridhika. Aliona kwamba maiti mwenye donge la damu mapafuni mara nyingi alikuwa na jingine katika mishipa ya miguu. Akatia vipande vidogo katika mshipa wa shingo ya mbwa, akavikuta mapafuni. Hivyo akathibitisha kwamba donge husafiri, hupita moyoni, na huziba mshipa wa mapafu.

Mwaka 1848 alitumwa Silesia kuchunguza homa iliyoua watu wengi, akaandika kwamba mzizi wake ni umaskini na ujinga. Siasa zake hazikuwapendeza watawala, na mwaka 1849 akapoteza kazi yake Berlin. Alirudi huko mwaka 1856 akiwa profesa, na baadaye akaupigania mji upate maji safi na mifereji ya maji machafu. Alifariki tarehe 5 Septemba, 1902.

Elimu yake yatufaa hata sisi. Leo moyo hupasuliwa hapa hapa Tanzania, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Pengine mshipa hutolewa mguuni ukashonwa moyoni, ili damu ipite kando ya mahali palipoziba. Baada ya hapo, mgonjwa akilala tu, damu huweza kuganda miguuni, na donge likifika mapafuni huweza kumwua ghafula. Ndiyo sababu wauguzi humwinua atembee mapema, na madaktari humpa dawa ya kuzuia damu isigande.

Nimesikia jamaa wakimwonea mgonjwa huruma na kumkataza asiinuke. Huruma hiyo ina hatari. Wazazi wetu na wanafunzi wenzangu, muuguzi akisema mgonjwa asimame, mshikeni mkono. Tena akiishiwa pumzi ghafula, akiumwa kifua, au mguu mmoja ukivimba, mwiteni daktari mara moja.