Theodor Hertzka: Mhariri wa Vienna aliyeota nchi mpya kupitia Mto Tana

MSAFIRI atokaye Malindi kwenda Lamu huuvuka Mto Tana huko Garsen, pengine bila kuutazama mara mbili. Maji yale ya rangi ya udongo yametoka mbali, kwenye Milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Zaidi ya karne moja iliyopita, kundi la Wazungu lilifika pwani hii likiuhesabu mto huo kuwa njia ya kulifikisha katika nchi isiyo na maskini. Aliyewatia ndoto hiyo hakuwa miongoni mwao. Alikuwa mwanahabari wa Vienna, Myahudi kwa kuzaliwa, kwa jina Theodor Hertzka.

Hertzka alizaliwa tarehe 13 Julai 1845 mjini Pest, Hungaria, kabla mji huo haujaunganishwa na Buda. Alikuwa kijana wa miaka 22 sheria za mwaka 1867 zilipowapa Wayahudi wa Austria na Hungaria haki sawa za uraia. Vijana wengi wa kizazi chake walitoka katika maisha yaliyozunguka sinagogi wakaingia katika udaktari, uanasheria na magazeti. Yeye alichagua uchumi, na mwaka 1872 akawa mhariri wa habari za uchumi katika gazeti kubwa la Vienna, Neue Freie Presse.

Mwaka uliofuata soko la hisa la Vienna liliporomoka. Kwa mtu aliyekaa kwenye kiti kile, swali lilikuwa haliepukiki: mbona viwanda vinazalisha zaidi kila mwaka, na mfanyakazi habaki na kitu?

Jibu lake lilitoka mwaka 1890 katika riwaya aliyoiita Freiland, yaani Nchi Huru. Humo, watu wa mataifa mbalimbali wanahamia nyanda za Mlima Kenya na kujenga taifa ambalo ardhi haina mwenyewe. Kila mtu anaruhusiwa kuilima, mitaji inatolewa bila riba, wafanyakazi wanagawana mapato katika vyama vyao, na wazee na wagonjwa wanatunzwa kwa haki, si kwa sadaka. Hertzka alijenga hoja zake kwa uchumi, si kwa Torati. Hata hivyo, msomaji anayeijua sheria ya Yubile, iliyokataza ardhi kuuzwa moja kwa moja, hakosi kuusikia mwangwi wake.

Kitabu kilisomwa mno, kikatafsiriwa, na vyama vya wafuasi vikazuka katika miji kadhaa ya Ulaya. Hapo ndipo riwaya ilipogeuka mpango. Mwaka 1894 msafara ukiongozwa na Dkt. Julius Wilhelm uliwasili Lamu, ukikusudia kuupanda Mto Tana hadi Mlima Kenya. Hertzka mwenyewe alibaki Ulaya. Sisi tunaoshinda katika vyumba vya habari tunaielewa hali hiyo: ramani iliyotandazwa mezani haina mbu, wala haina wenyeji wa kuuliza unakwenda wapi.

Wenyeji walikuwapo. Kingo za Tana zilikuwa mashamba ya Wapokomo, waliolima kwa kufuata mafuriko ya mto, na Waorma walikuwa na njia zao za kuteremsha mifugo kwenda kunywa maji. Wamisionari Wajerumani walikuwa Ngao tangu 1887. Na mwaka uleule wa 1890 kitabu kilipotoka, Ujerumani iliiachia Uingereza Witu kwa mkataba. Ardhi ambayo Hertzka aliiandika kuwa haina mwenyewe ilikuwa na wenyewe mara mbili: wale walioishi juu yake, na ile dola iliyojitangazia kuimiliki. Mabishano juu ya maji na mashamba hayo hayajaisha. Mwaka 2012 yaligharimu maisha ya watu wengi katika eneo la Tana Delta.

Maafisa wa Kiingereza hawakuwa na hamu ya kuona jamhuri ya wajamaa ndani ya himaya yao. Wasafiri nao, badala ya kuonyesha undugu wa riwaya, waligombana na kulewa. Baada ya miezi michache msafara ulivunjika. Mmoja wao, Gustav Rabinek, aliingia katika biashara ya pembe za ndovu na akafa kizuizini nchini Kongo mwaka 1901.

Myahudi mwingine aliyeandikia gazeti lilelile alikuwa Theodor Herzl. Katika dibaji ya kitabu chake cha 1896 juu ya dola la Wayahudi alijitenga na Freiland, akiifananisha na mtambo uliobuniwa vizuri ambao hakuna ushahidi kwamba utazunguka. Lakini mwaka 1903, baada ya mauaji ya Wayahudi huko Kishinev, Herzl naye aliiweka Afrika Mashariki mbele ya mkutano wa Wazayuni mjini Basel, kwani Uingereza ilikuwa tayari kuwapa ardhi katika himaya hii.

Hapo dini na siasa zilipishana kwa namna isiyotarajiwa. Rabi Reines na wengi wa chama chake cha kidini waliunga mkono mpango huo, wakitanguliza uhai wa watu. Wajumbe wengi kutoka Urusi, ambao baadhi yao hawakushika sana ibada, waliupinga kwa uchungu kwa sababu haukuwa Yerusalemu. Nyanda za Uasin Gishu zilichunguzwa, na mwaka 1905 mpango ukakataliwa.

Katika mkutano uleule wa 1903 alizungumza Franz Oppenheimer, mwana wa rabi wa Berlin aliyewahi kuvutiwa na Freiland. Alieleza makazi ya ushirika, na mwaka 1911 Merhavia ilianzishwa Palestina kwa mawazo yake. Ardhi yake ilinunuliwa kutoka kwa tajiri mmoja wa Beirut. Wakulima Waarabu wa al-Fula waliokuwa wakiilima walipinga kuondolewa.

Hertzka aliishi kuyaona hayo yote. Alifariki tarehe 22 Oktoba 1924 mjini Wiesbaden, Ujerumani, akiwa na miaka 79.