Tom Mboya na Bei ya Shahada

Jina la Tom Mboya linapotajwa katika kumbi za vyuo vikuu vya Kenya, aghalabu huandamana na ndege iliyowapeleka vijana Marekani mwaka 1959. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba kiongozi aliyeasisi safari hiyo hakuwa na shahada aliyoisomea. Alikaa chuoni Oxford mwaka mmoja tu, na miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa ameiaga shule kwa sababu ya uhaba wa fedha. Suala la iwapo elimu ya juu ni ndefu mno na ghali mno lilimgusa yeye mwenyewe kabla hajalifanya suala la umma.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika. Jamii yake ilitoka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria, na baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa mfanyakazi wa shamba hilo. Mtoto huyo alisomeshwa katika shule za wamisionari Wakatoliki: Kabaa huko Ukambani, kisha Yala, na hatimaye Mang'u. Alikuwa na uwezo wa kuendelea, lakini ujira wa mfanyakazi wa mkonge haukutosha kumlipia yeye na kuwasomesha wadogo zake pia. Ndoto ya chuo kikuu ikafia hapo. Mwaka 1948 aliingia katika mafunzo ya wakaguzi wa afya jijini Nairobi na kuhitimu mwaka 1950.

Kazi aliyoipata katika Baraza la Jiji la Nairobi ilimfunza somo jingine. Mwafrika aliyekuwa na cheti kile kile na kufanya kazi ile ile alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu. Mboya akaingia katika harakati za vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho lao nchini. Ikumbukwe kuwa hiki kilikuwa kipindi cha hali ya hatari, ambapo viongozi wengi wa kisiasa walikuwa kizuizini. Usiku alijisomea kwa njia ya posta. Mwaka 1955 alipata ufadhili wa kwenda Chuo cha Ruskin, Oxford, kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi ambao hawakupata nafasi ya kusoma ujanani. Alirejea mwaka 1956 bila shahada, ila akiwa na ujuzi wa uchumi na wa mahusiano ya kazi ambao uliwasumbua waajiri wengi. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa mbunge wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria.

Ni katika Baraza hilo ambapo suala la elimu ya juu lilimkabili kwa upya. Uhuru ulikuwa ukikaribia, lakini idadi ya Waafrika waliokuwa na shahada ilikuwa ndogo mno kuweza kuendesha wizara, mahakama, hospitali na shule za nchi nzima. Afrika Mashariki yote ilikitegemea Chuo cha Makerere, kilichotunuku shahada za Chuo Kikuu cha London. Aliyefaulu mtihani wa sekondari wa Cambridge alikaa huko miaka miwili ya matayarisho kabla ya kuanza miaka mitatu ya shahada yenyewe. Nafasi zilikuwa chache na ushindani mkali. Chuo cha Kiufundi cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1956, hakikuwa bado chuo kikuu. Aliyetaka kusoma Uingereza alihitaji kwanza cheti cha juu ambacho shule chache sana za Waafrika zilikitayarisha.

Vyuo vya Marekani, kwa upande mwingine, viliwapokea vijana moja kwa moja baada ya cheti cha Cambridge, na baada ya miaka minne mwanafunzi akawa na shahada yake. (Hesabu ya miaka ni jambo ambalo wanafunzi huliona upesi kuliko wahadhiri wao.) Vingi vilikuwa tayari kusamehe karo yote au sehemu yake. Hata hivyo, kulikuwa na kizingiti kimoja: nauli. Kijana aliweza kuwa na barua ya kukubaliwa mfukoni na bado akabaki kijijini kwa sababu hana pesa za ndege.

Hapa ndipo Mboya alipoonyesha umahiri wake. Mwaka 1959 alizunguka Marekani kwa wiki kadhaa akihutubia vyuo, makanisa na vyama vya wafanyakazi. Akisaidiana na Dkt. Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri hapa nchini, na mfanyabiashara William Scheinman kule ng'ambo, alitafuta ufadhili wa masomo na fedha za ndege ya kukodi. Mchezaji besiboli Jackie Robinson na wasanii Harry Belafonte na Sidney Poitier waliwaomba Wamarekani wachange. Mnamo Septemba mwaka huo vijana 81 waliwasili New York.

Mchango wa Wamarekani umesimuliwa sana kiasi cha kuufunika ule wa vijijini. Jamaa na majirani waliandaa karamu za chai, wakauza kuku na mbuzi, wakachangishana senti kwa senti ili kijana apate nguo, vitabu na pesa za matumizi. Haba na haba hiyo ilikuwa deni pia, ingawa halikuandikwa popote. Kijana aliyesomeshwa na lokesheni nzima hakuwa huru kushindwa mtihani, wala kukawia kurudi.

Serikali ya kikoloni haikupendezwa. Ilidai kuwa baadhi ya vyuo hivyo vilikuwa vya hadhi ya chini, na kwamba wanafunzi wangekwama kabla ya kumaliza. Dai la kwanza lilikuwa na kiburi ndani yake. La pili halikuwa uzushi, kwa maana wapo waliofanya kazi za jikoni na za kufagia ili wapate chakula, na waliohangaika kila muhula kutafuta salio la karo. Aidha, walikuwapo Wakenya walionung'unika kwamba jamii fulani zilipata nafasi kuliko nyingine, nung'uniko ambalo wasifu za Mboya huliruka upesi kupita kiasi. Jibu lake kwa wakoloni lilikuwa la kihesabu: kusubiri nako kuna gharama, na anayelipa ni nchi inayopata uhuru bila wataalamu.

Mwaka 1960 fedha zilipungua, naye akaenda kumwona Seneta John F. Kennedy, aliyekuwa akiwania urais. Wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwa Wangari Maathai, aliyepata shahada ya kwanza Kansas mwaka 1964, ya uzamifu Nairobi mwaka 1971, na Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Kufikia mwaka 1963, karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki na nchi jirani walikuwa wamepitia mpango huo. Pamela Odede, aliyesomea Ohio, aliolewa na Mboya mwaka 1962.

Baada ya uhuru Mboya alikuwa Waziri wa Sheria, kisha wa Mipango ya Uchumi, wizara iliyotegemea sana wataalamu wa aina ile ile aliyoipigania. Yeye mwenyewe alikuwa na shahada moja tu, ya heshima, aliyotunukiwa na Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1959. Aliuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38, akazikwa Rusinga. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kujitegemea mwaka uliofuata, na mwaka 1974 serikali ikaanza kuwakopesha wanafunzi wake.