Lejeune na Kromosomu ya Arubaini na Saba

Zamani huko Ulaya, mama aliyejifungua mtoto mwenye macho yaliyoinukia pembeni, ulimi mzito na akili ya polepole alitazamwa kwa jicho la lawama. Walimwengu walinong'ona kwamba huenda ni mlevi, au aliugua kaswende, au ukoo wake una doa. Nao matabibu, tangu John Langdon Down wa Uingereza alipoieleza hali hiyo mnamo 1866, waliwaita watoto hao kwa jina la watu wa Mongolia, kana kwamba Wamongolia walikosa nini kuwa na sura zao! Miongoni mwa waliosaidia kuwatua akina mama mzigo huo ni tabibu Mfaransa, Jérôme Lejeune. Ajabu ni kwamba kazi hiyo hiyo ndiyo iliyofungua njia ya jambo alilolipinga mpaka kufa kwake.

Lejeune alizaliwa Juni 13, 1926, Montrouge, kando ya jiji la Paris. Baada ya kusomea utabibu, alianza kazi mwaka 1952 chini ya Profesa Raymond Turpin, ambaye kitambo alishuku kwamba shina la hali hii limo katika kromosomu, yaani zile nyuzi ndogo mno zilizomo ndani ya seli za mwili, zibebazo urithi tupewao na wazazi. Mnamo 1956 wataalamu Tjio na Levan walitangaza kwamba binadamu ana kromosomu 46. Basi swali likawa: je, watoto hawa wanazo ngapi?

Hapa msomaji na awe macho, maana kuna mwanamke ambaye vitabu vingi vilimruka. Daktari Marthe Gautier, aliyekuwa amerejea kutoka Marekani na ujuzi wa kukuza seli, alianzisha maabara katika hospitali ya Trousseau karibu bila senti, hata akatumia maji ya damu yake mwenyewe kuzilisha seli hizo. Mnamo 1958 alihesabu kromosomu 47. Hakuwa na darubini yenye kamera, kwa hiyo Lejeune akavichukua vioo vyake akavipige picha. Makala ilipotoka Januari 26, 1959, jina la kwanza lilikuwa la Lejeune. La Gautier lilifuata, tena limeandikwa kombo. Mwaka 2014 kamati ya maadili ya taasisi ya utafiti wa tiba ya Ufaransa, Inserm, ilisema haielekei kwamba mchango wa Lejeune ndio uliotangulia katika ugunduzi huo. Watetezi wake hawakubali. Mimi naona mama huyu alidhulumiwa.

Hata hivyo sifa zilimjia Lejeune. Mnamo 1962 alipokea tuzo mikononi mwa Rais Kennedy, na 1964 akawa profesa wa elimu ya urithi jijini Paris. Yeye na Turpin walikuwa pia kati ya mabingwa waliotaka, mwaka 1961, lile jina la Wamongolia liachwe.

Kisha mambo yakageuka. Kufikia mwisho wa miaka ya sitini, madaktari walijua kumchoma mja mzito sindano ndefu tumboni, kuvuta maji kidogo ya chupa ya uzazi, kuzikuza seli za mtoto na kuzihesabu kromosomu. Lejeune alitumaini kwamba kujua chanzo kungeleta dawa. Dawa haikuja; kilichokuja ni habari, na wazazi wengi walipoipata waliamua kuiavya mimba. Mwaka 1969 alikwenda San Francisco kupokea tuzo ya William Allan, nayo ni heshima kubwa kwa wataalamu wa fani hiyo. Badala ya kushukuru na kuketi, aliwashutumu wenzake kwa kuigeuza elimu kuwa silaha dhidi ya wasiozaliwa. Yasemekana alimwandikia mkewe kwamba siku hiyo Nobel ilimponyoka.

Katika kliniki yake ya hospitali ya Necker walifika wazazi kutoka nchi nyingi. Alimwita kila mtoto kwa jina lake, akiwataka wazazi wamwone mtoto kwanza, ugonjwa baadaye. Kwa hilo nampa heko. Lakini uamuzi wa wazazi si mwepesi kama alivyouona yeye. Mama wa miaka 20 hupata mtoto kama huyu mara moja katika uzazi 1,500 hivi. Wa miaka 40, mara moja katika 100. Sindano yenyewe huharibu mimba chache. Na majibu hayasemi iwapo mtoto atasoma au la, wala kama atakuwa miongoni mwa wale karibu nusu wenye kasoro ya moyo. Wako wakataao kupimwa kabisa, wako wapimwao ili wajitayarishe, na wako wasiojiona na uwezo wa kulea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Lejeune, aliyekuwa Mkatoliki thabiti, sidhani aliwasikiliza sana hao wa mwisho. Ufaransa ilipohalalisha uavyaji mimba mwaka 1975, yeye alikuwa mstari wa mbele wa wapinzani.

Hakuishi kuona kipimo cha damu ya mama peke yake, kilichoingia sokoni mwaka 2011 kutokana na ugunduzi wa Dennis Lo na wenzake wa 1997. Kipimo hicho hukisia tu. Kikionyesha hatari, ni lazima sindano ithibitishe. Wala hakuona jinsi watoto hao wanavyoishi leo: huko Marekani wastani wa umri wao ulikuwa miaka 25 hivi mnamo 1983, na sasa umekaribia 60, hasa kwa sababu ya upasuaji wa moyo.

Saratani ya mapafu ilimwua Aprili 3, 1994, Jumapili ya Pasaka, wiki chache tu baada ya Papa Yohane Paulo wa Pili kumfanya rais wa kwanza wa Akademia ya Kipapa ya Uhai. Yasimuliwa kwamba kitandani alihuzunika kuwaacha wagonjwa wake bila ya kuwapatia dawa aliyowaahidi wazazi wao.