Daktari Henry Draper na Wingu la Nyota

Watoto, mwezi wa Januari, saa nne ya usiku, tazameni juu. Nyota tatu zilizopangwa mstari mmoja hupita katikati ya anga, juu kabisa ya mji wa Goma. Upande wa Ziwa Kivu zipo nyingine tatu, ndogo. Ile ya katikati haionekani sawasawa. Ni kama moshi. Moshi huo ni wingu kubwa la hewa, na ndani yake nyota mpya huzaliwa. Halikuwashwa na moto kama wa Nyiragongo. Nyota changa zenye joto kali ndizo zinazoliangaza.

Mtu wa kwanza kulipiga picha ni Henry Draper, daktari wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1837. Alipokuwa kijana alisafiri hadi Ireland, akaona darubini kubwa kuliko zote za siku zile. Akarudi kwao na hamu ya kujitengenezea yake.

Kwanza alisugua kioo cha madini. Siku za baridi matone ya maji yakaganda chini yake, kioo kikapasuka. Kazi yote bure! Akaanza tena kwa kioo cha kawaida kilichopakwa fedha, akasugua vioo zaidi ya mia. Mwaka 1867 akamwoa Mary Anna Palmer, naye akawa msaidizi wake usiku kwa usiku, akipaka dawa sahani za picha.

Nuru ya wingu lile ni hafifu mno, kwa hiyo picha yataka muda mrefu. Lakini dunia yazunguka, na nyota zaonekana kuhama. Ilibidi darubini izifuate polepole kwa magurudumu kama ya saa, bila kutikisika hata kidogo. Tarehe 30 Septemba 1880 Draper aliweza kwa dakika 51. Hakuridhika. Machi 1882 akafikisha dakika 137, na pembe hafifu za wingu zikatokea.

Mwaka ule ule alikwenda kuwinda milimani, akakutwa na dhoruba ya theluji. Akarudi, akaugua mapafu, akafa tarehe 20 Novemba, akiwa na miaka 45 tu.

Mary alitoa fedha na darubini kwa chuo cha Harvard. Huko zikaorodheshwa nyota 225,300 katika kitabu chenye jina la mumewe. Aliyezipanga aina kwa aina alikuwa mwanamke, Annie Jump Cannon.