ROGER FENTON: MWENYE KAMERA KATIKA VITA VYA CRIMEA

Katika orodha ya watu wa kwanza waliobeba kamera hadi uwanja wa vita, jina la Mwingereza Roger Fenton halina budi kutajwa. Alizaliwa mwaka 1819 katika jimbo la Lancashire, katika ukoo wa matajiri. Alisomea sheria, akajifunza uchoraji London na Paris, kisha akavutwa na sanaa changa ya kupiga picha. Mwaka 1853 alikuwa katibu wa kwanza wa chama cha wapiga picha kilichoundwa London.

Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani upande wa Uturuki dhidi ya Urusi, na mapigano yakahamia rasi ya Crimea. Machi 1855 Fenton alishuka bandari ya Balaklava, ametumwa na kampuni ya wauza picha ya Thomas Agnew. Alikuwa na kamera 5, vioo vya kupigia picha 700, wasaidizi 2, na gari la farasi lililokuwa la muuza mvinyo, ambalo lilikuwa limegeuzwa chumba cha giza.

Askari huchagua silaha kwa kutazama shabaha. Fenton naye alichagua lenzi kwa kutazama kazi. Kwa sura za maofisa alitumia lenzi pana zinazopokea mwanga mwingi, ili anayepigwa asikawie kukaa kimya. Kwa mabonde na kambi alitumia lenzi za mandhari zenye tundu dogo, ambazo huonyesha wazi cha karibu na cha mbali, lakini hudai muda zaidi. Shata inayofunguka na kufunga kufumba na kufumbua hakuwa nayo. Alivua kifuniko cha lenzi kwa mkono, akangoja sekunde 3 hata 20, akakirudisha. Kioo kilipakwa dawa papo hapo, kikapigwa kingali kibichi na kusafishwa kabla hakijakauka. Joto lilipozidi, dawa iliweza kukauka kabla ya picha kupigwa.

Kwa vifaa hivyo shambulio halikupigika. Mtu anayekimbia angekuwa ukungu tu. Ndiyo maana picha zake, zaidi ya 350, zimejaa majemadari walioketi na kambi zilizotulia. Picha yake iliyovuma kuliko zote, ya bonde lililotapakaa risasi za mizinga, ya Aprili 1855, haina mtu hata mmoja. Zaidi ya hayo, bonde hilo lina picha mbili zilizopigwa toka mahali pale pale: katika moja njia ina risasi, katika nyingine njia ni tupu.

Lakini maiti hatikisiki. Lenzi ingeweza kumchukua. Fenton hakumpiga, kwani picha zake zilikuwa za kuuzwa. Hali maradhi yaliua askari Waingereza wengi kuliko risasi. Yeye mwenyewe aliugua kipindupindu, akaondoka Juni 1855, kabla Sevastopol haijaanguka. Mwaka 1862 aliuza vifaa vyake na kurejea kwenye sheria. Alifariki mwaka 1869.

Sisi tuliokabidhiwa habari za jeshi, pamoja na wenzetu wa polisi wapigao picha mahali pa tukio, tunapata funzo. Kabla ya kuiamini picha, tuulize ilipigwa kwa lenzi gani, lenzi ilifunguliwa kwa muda gani, na mpigaji aligeuza kamera isione nini. Kisichoonekana pichani huenda ndicho kilichowaua askari.